Mtunzi wa Kazi Chache

Watu wamezoea kuupima umri wa fundi kwa hesabu ya vitu alivyoviacha. Mjenzi wa nyumba mia hudhaniwa ameishi zaidi kuliko mjenzi wa nyumba tatu, na mshairi mwenye diwani kumi hutangulizwa mbele ya mwenye diwani moja. Kipimo hiki chapendwa kwa sababu hakimdai mpimaji ajue lolote juu ya kitu kipimwacho. Mtoto aliyekwisha kujifunza hesabu aweza kukitumia sawasawa na mzee. Walakini yako maisha ambayo yakipimwa hivyo huonekana kuwa ghala tupu, na mwenye kuingia ndani hukuta nafaka.

Maisha ya Maurice Duruflé, mtunzi wa Kifaransa wa muziki wa ibada, ni ya namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1902 akafa mwaka 1986. Katika miaka hiyo 84 kazi alizozipa nambari hazikupita 14, na hata hizo si zote alizokubali zipigwe chapa. Msikilizaji akiketi baada ya chakula cha adhuhuri aweza kuzisikiliza zote kabla ya jua kutua. Johann Sebastian Bach ameacha kantata za kanisa zipatazo 200, na hizo ni fungu moja tu la kazi yake. Uchache wa Duruflé haukutokana na uvivu, wala maradhi, wala njaa. Ulitokana na shaka. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kazi iliyokwisha kuchapwa aliirudia akaitengeneza upya. Na kazi iliyosifiwa na watu aliweza kuichukia. Basi swali ni hili: shaka ya fundi juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe ni adili, au ni ila iliyovaa nguo za adili?

Jibu halipatikani bila kujua alikolelewa. Duruflé alizaliwa Louviers, mji mdogo wa Normandie, na mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 10, alipelekwa Rouen akae katika shule ya waimbaji wa kanisa kuu. Huko alikulia katika nyimbo za Kigregori. Msomaji asiyezijua na afikiri juu ya wimbo wa sauti moja, uimbwao na watu wengi kwa pamoja kwa Kilatini, bila ngoma na bila mapigo yenye kuhesabika, ukipanda na kushuka kwa kufuata maneno, kama mtu asomaye kwa taadhima. Nyingi katika nyimbo hizo zina umri wa miaka elfu na zaidi, wala hakuna ajuaye nani alizitunga.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko lionekanavyo. Mtoto aliyekulia katika ushairi wa Mombasa hujua majina: huu ni wa Muyaka, ule ni wa fulani aliyejibizana naye. Mtoto wa Rouen alikulia katika muziki usio na mwenyewe. Alijifunza mapema kwamba kitu kizuri kupita vyote alivyovisikia hakikuwa na jina la mtu juu yake, na ya kuwa aliyekitunga hakupungukiwa na kitu kwa kusahauliwa. Mtu aliyepata somo kama hilo haitazami kazi yake kwa macho ya mtu aliyelelewa kwa makofi. Baadaye, sehemu kubwa ya alichotunga alikijenga juu ya nyimbo hizo hizo. Na mwenye kuweka jiwe lake juu ya ukuta wa kale hana budi kuligeuza mara mbili mkononi.

Mwaka 1919 alikwenda Paris, akajifunza kwa Charles Tournemire, kisha kwa Louis Vierne, na mwaka 1920 akaingia Conservatoire, chuo kikubwa cha muziki cha Ufaransa. Alitoka na tuzo za kwanza tano, ya kinanda mwaka 1922 na ya utunzi mwaka 1928 zikiwamo. Haya yatosha kuonyesha kwamba shaka yake haikuwa shaka ya asiyejua. Asiyejua aghalabu huwa na shaka ndogo sana. Kabla ya kutimiza miaka thelathini alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, walimozikwa Pascal na Racine, na kinanda hicho kilikuwa chake mpaka kufa.

Kinanda kinachotajwa hapa ni kile kikubwa cha makanisa ya Ulaya, chenye mabomba mengi yanayolia kwa upepo, ambacho mpigaji hukipiga kwa mikono na miguu pamoja. Na kazi ya mpiga kinanda wa Ufaransa haikuwa kupiga yaliyoandikwa tu. Wakati wa ibada hubuni muziki papo hapo, urefu wake ukifuata mwendo wa padre altareni. Padre akiwa tayari, muziki hukoma, hata kama wazo zuri lilikuwa ndiyo kwanza linazaliwa. Duruflé alifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili kwa miaka zaidi ya arobaini. Karibu muziki huo wote umepotea. Mwenye kusema kwamba alitunga kidogo asema kweli kwa habari ya karatasi tu. Kwa habari ya sauti zilizotoka katika vidole vyake, pengine ni wachache waliotunga zaidi.

Tarehe 2 Juni 1937 alikuwa katika kanisa la Notre-Dame, kando ya mwalimu wake. Vierne, ambaye macho yake yalikuwa karibu na upofu tangu kuzaliwa, alikuwa akipiga mbele ya hadhara, na saa ya kubuni papo hapo ilipowadia roho ikamtoka akiwa ameketi penye kinanda. Duruflé alikuwa msaidizi wake tangu 1927, na Vierne alimtaka awe mrithi wake. Wakuu wa kanisa wakamweka mtu mwingine.

Sasa litazamwe jambo ambalo wasimulizi wa maisha yake hulitaja kwa mstari mmoja na kupita. Vierne na Tournemire walipata kurekodiwa katika santuri wakibuni papo hapo, Vierne mwaka 1928, Tournemire mwaka 1930 na 1931. Wote wawili walipokwisha kufa, Duruflé alizikalia santuri hizo, zenye mikwaruzo kama zilivyokuwa santuri zote za wakati ule, akazisikiliza na kuzirudia, akaandika kila sauti mahali pake, mpaka kile kilichokuwa pumzi kikawa karatasi. Tatu za Vierne zilichapwa mwaka 1954, na tano za Tournemire mwaka 1958. Kazi hii ni ya taabu kubwa na sifa ndogo, kwa kuwa afanyaye vizuri haonekani kabisa. Mtu aliyeona uzito kuutoa wimbo wake mwenyewe alitumia saa zisizo na idadi kuokoa nyimbo za waalimu wake, nyimbo ambazo wao wenyewe hawakupata kuzisahihisha, zilizotoka kama maneno yatokavyo kinywani mwa mzungumzaji. Kwa waalimu wake aliruhusu lile alilojinyima. Hapa shaka yake yaonekana kuwa si ubahili wala wivu. Hakudhani kwamba muziki usiokamilika haustahili kuishi. Alidhani hivyo juu ya muziki wake tu.

Je, ni haki mtu kujihukumu kwa sheria asiyowahukumia wengine? Wengi watasema hayo ndiyo maadili yenyewe, kujibana na kuwalegezea wenzako. Jibu hilo ni zuri kwa habari ya fedha, chakula na hasira. Kwa habari ya kazi ya sanaa lina upungufu, na upungufu huo waonekana katika kisa cha Toccata.

Toccata ni sehemu ya mwisho ya kazi yake ya tano, iliyochapwa katika miaka ya 1930 na kutolewa heshima kwa Paul Dukas, mwalimu wake wa utunzi. Ni muziki wa mbio na nguvu, mgumu kwa mpigaji, wenye kumwinua msikilizaji kitini. Wapiga kinanda wa dunia nzima huupenda na kuupiga hata leo. Duruflé hakuupenda. Aliubadilisha mwisho wake, na bado hakuridhika, akakataa kuurekodi. Labda alijifunza ukali huo kwa Dukas mwenyewe, ambaye kabla ya kufa mwaka 1935 aliteketeza sehemu kubwa ya kazi zake. Mwalimu aliyetia moto maandishi yake ni mwalimu wa hatari kwa mwanafunzi mwenye shaka.

Lakini mtunzi ana haki gani juu ya wimbo uliokwisha toka mlangoni? Mtu aweza kuuchoma mkeka aliousuka kabla haujauzwa. Ukiisha kuuzwa, ukalaliwa, na watoto wakazaliwa juu yake, hawezi kuingia nyumbani mwa watu akautwaa kwa kuwa ameona ukindu mmoja umepinda. Duruflé hakufika huko; hakuwazuia watu kwa sheria wala kwa fujo. Hata hivyo neno la mtunzi dhidi ya kazi yake lina nguvu kuliko neno la mkosoaji yeyote, na kila aliyeipenda Toccata alifanywa ajisikie mjinga kidogo. Hapo shaka iliacha kuwa unyenyekevu. Ilikuwa imekuwa namna ya umiliki: mtunzi asemaye kazi yangu ni mbaya, na asiyekubali kwamba watu wengine wawe wameona ndani yake jema asiloliona, bado ashikilia kwamba yeye ndiye ajuaye zaidi.

Wakristo wana mfano wa mtumishi aliyepewa talanta moja akaifukia ardhini kwa kumwogopa bwana wake, akalaumiwa. Wako waliotaka kumtia Duruflé katika mfano huo. Hoja yao ni dhaifu. Mtumishi yule hakuigusa talanta. Aliizika akaenda zake kulala. Duruflé aliishika usiku na mchana, na kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kuisugua kupita kiasi. Methali yasema haraka haraka haina baraka, na ingefaa kuletwa hapa, ila methali hiyo imewafaa wavivu mara nyingi kama ilivyowafaa wenye busara, wala haikumweleza mtu anayekwenda polepole kwa kuwa anakwenda njia moja mara kumi.

Kazi kubwa kuliko zote alizoandika ni Requiem, yaani Misa ya kuwaombea wafu, na katika historia yake shaka na mwendo wa polepole vilileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mwezi wa Mei 1941 Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani na Wajerumani, na serikali iliyokaa Vichy chini ya Jemadari Pétain ilikuwa ikishirikiana na mshindi na kutunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Serikali hiyo iliendeleza mpango wa kuwaagiza watunzi kazi kwa malipo, mpango ulioanzishwa mwaka 1938, kabla ya vita. Duruflé aliagizwa atunge utenzi wa muziki kwa okestra. Akakubali. Wakati huo alikuwa akifikiria vipande vya kinanda juu ya nyimbo za Kigregori za Misa ya wafu. Vipande hivyo vikakua, vikadai maneno yao ya Kilatini, vikadai kwaya na okestra, mpaka agizo la serikali likawa limemezwa na kitu kingine.

Kwa miaka mingi watu walisimuliwa kwamba aliyemwagiza kazi hiyo ni mchapishaji wake, Durand. Wachunguzi waliofungua makaratasi ya serikali baadaye ndio waliodhihirisha habari ya mwaka 1941, na kwaya zilizoimba Misa hiyo kwa machozi zikajiuliza zilikuwa zikiimba nini. Swali hilo si dogo. Je, maji safi yaliyochotwa kwa ndoo ya mwizi ni safi?

Yapasa kusema wazi kwamba kukubali agizo lile si jambo la kujivunia. Watunzi wengi walikubali, baadhi kwa njaa, baadhi kwa mazoea, na baadhi kwa kuwa hawakutaka kufikiri. Mwanadamu aliyekuwa na shaka juu ya kila nota hana dalili ya kuwa na shaka kama hiyo juu ya mkono uliomlipa. Na hili ni funzo chungu juu ya dhamiri, kwamba yaweza kuwa kali kama wembe katika chumba kimoja na butu katika chumba cha pili cha nyumba ile ile. Lakini agizo lilikutana na mtu asiyeweza kumaliza kitu upesi. Serikali ya Vichy ilianguka mwaka 1944, na Misa ilikuwa haijaisha. Ilikamilika mwaka 1947, ikaandikwa kwa kumbukumbu ya baba yake mtunzi, ikasikiwa mara ya kwanza tarehe 2 Novemba mwaka huo, siku Wakatoliki wanapowaombea marehemu wote. Aliyeiongoza okestra ni Roger Désormière, mtu aliyekuwa katika upinzani wa siri dhidi ya Wajerumani. Muziki ulioagizwa na serikali ya aibu ukaingia duniani kwa mkono wa mpinzani wa serikali hiyo, na wafu walioombewa ndani yake walikuwa wafu wa vita.

Wako wanaotaka kumvika Duruflé joho la upinzani, waseme alichelewa kwa makusudi. Huko ni kumpa mtu sifa asiyoiomba. Alichelewa kwa sababu alichelewa siku zote. Iwapo kuna wema katika kuchelewa huko, ni wema wa bahati, kama wa msafiri aliyelala akakosa jahazi lililozama. Lakini bahati haiangukii mahali popote tu. Mtunzi mwepesi angemaliza mwaka 1942, kazi yake ingepigwa mbele ya mawaziri, na leo ingekuwa haiimbwi. Tabia yake haikumfanya kuwa shujaa. Ilimnyima nafasi ya kuwa mtumishi mzuri wa watu wabaya. Kuna watu wengi waliookolewa hivyo, na ni vyema wasijisifu.

Misa yenyewe haina matisho. Duruflé, kama Gabriel Fauré kabla yake, aliyaacha karibu maneno yote ya siku ya hukumu na moto, akabakisha ombi la pumziko. Nyimbo za kale zimo ndani yake bila kuharibiwa. Okestra huzizunguka kama maji yazungukavyo mawe. Hata hiyo hakuiacha. Aliitengeneza tena kwa kinanda peke yake mwaka 1948, na tena kwa okestra ndogo mwaka 1961, na mahali alipompa mwimbaji mmoja aimbe, baadaye aliona afadhali waimbe wote wa sauti ile kwa pamoja. Marekebisho haya ya mwisho yaeleza mengi. Sauti ya mtu mmoja ilimsumbua. Alitaka kurudi kwenye wimbo usio na mwenyewe. Misa yake ya pili, Cum jubilo ya mwaka 1966, yote ni ya sauti za kiume zikiimba wimbo mmoja, kama walivyoimba wazee wa kale.

Lakini mwaka 1966 tayari ulikuwa wakati mwingine. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya ibada iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Hati hiyo iliipa nyimbo ya Kigregori nafasi ya kwanza, ikakiheshimu pia kinanda cha mabomba; lakini mambo yalivyokwenda katika makanisa ya Ufaransa, nyimbo za Kilatini zilitoweka kwa miaka michache, na mahali pake zikaja nyimbo za gitaa zilizotungwa kwa wiki moja. Duruflé alihuzunika, akasema na kuandika wazi kwamba hazina imetupwa. Ni vigumu kusema alikosea. Ni vigumu pia kusahau upande wa pili. Bagamoyo, walikofika mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na katika misheni nyingine za pwani na bara, vizazi vya watoto viliimba Kilatini bila kukielewa. Na ruhusa ile ile iliyokuwa msiba katika Saint-Étienne-du-Mont ndiyo iliyokiweka Kiswahili altareni na ngoma kando yake. Mtu mmoja alipoteza wimbo aliopewa akiwa na miaka 10. Mamilioni ya watu walipata kusali kwa maneno ya mama zao. Hesabu kubwa haiyafuti machozi ya aliyepoteza, wala machozi hayo hayaibatilishi hesabu.

Mkewe tangu 1953, Marie-Madeleine, alikuwa mpiga kinanda hodari kama yeye, na walisafiri pamoja wakipiga katika nchi nyingi. Tarehe 29 Mei 1975 gari lao lilipata ajali mbaya katika Ufaransa ya kusini. Mke aliumia sana, ila baadaye alirudi kwenye kinanda. Mume hakurudi tena. Miaka kumi na moja iliyobaki aliipitisha nyumbani, karibu na kanisa ambalo ngazi za kinanda chake hakuweza tena kuzipanda.

Katika miaka hiyo, mwaka 1977, alitoa kazi yake ya mwisho yenye nambari, ya 14. Haifiki dakika mbili. Haina kinanda, haina okestra, na kwaya yoyote ya kijijini yaweza kuiimba. Ni sala ya Baba Yetu. Na maneno yake si ya Kilatini, ni ya Kifaransa.